Pua Isiyokinza

Mstari ulitakiwa kulala. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya chumba kile: kabla ya kumvisha mgonjwa barakoa, mpimaji huiweka mezani ikiwa tupu, huwasha mashine, na mstari wa kijani kwenye kioo hulala chali kama mtu aliyeshiba. Pasipo na pua hapana pumzi. Mchana ule barakoa ilikuwa mezani, tupu, imeoshwa, bado ina matone ya dawa, na mstari ulikuwa ukipanda taratibu, unashuka, unatulia kidogo, kisha unapanda tena.

Mpimaji aliutazama kwa kero tu. Wenzake walimwita Mama Pumzi, na miaka mingi ya kushika pua za watu ilikuwa imemwondolea hofu yote na sehemu kubwa ya kinyaa. Alizima feni, akidhani ni upepo. Mstari ukaendelea. Akafunga mlango. Mstari ukaendelea. Nje kwenye korido binti yake alikuwa akigonga visigino kwenye benchi na kulalamika kwa sauti ya makusudi, na zamu ilikuwa inakwisha. Basi Mama Pumzi akafanya ambalo kila mpimaji amewahi kulifanya siku ya haraka, asikudanganye mtu. Alibonyeza kitufe cha sifuri.

Kitufe hicho huiambia mashine: hilo unalolisikia sasa, lihesabu kuwa si kitu. Mashine ni mtiifu. Mstari ukalala.

"Kibibi, njoo," akaita.

Lakini tumseme kwanza aliyeivaa barakoa ile kabla ya mtoto. Alikuwa pande la mtu, fundi wa kiwanda cha ngozi, na uvundo wake ulifika chumbani kabla yake. Ulikuwa uvundo wa maji ya maua yaliyosahaulika, na wa jino bovu, na chini ya hayo kulikuwa na kitu kingine chenye utamu kidogo. Huo utamu ndio uliomfanya Mama Pumzi ameze mate mara mbili. Mke wa Fundi Ngozi alikuwa amekaa mwisho kabisa wa korido, kitambaa puani. Mwenyewe hakuwa na habari. Nyani haoni kundule.

"Imeziba, sista," alisema. "Sipati hewa kabisa. Na harufu sijui ni nini siku hizi, hata ile ya ngozi mbichi."

Mama Pumzi alimziba tundu moja la pua kwa plasta yenye mpira mwembamba katikati, ule unaobeba msukumo wa hewa hadi kwenye mashine, akamvisha barakoa, akamwambia apumue kwa tundu la pili, mdomo umefungwa. Kisha akageuza, la kulia likawa la kushoto. Matokeo yalimshangaza. Watu hudhani pua nzuri ni iliyo wazi kama bomba. Si kweli. Pua nzuri hukinza. Ina nyama, ina unyevu, huiuliza hewa maswali mawili matatu kabla ya kuiruhusu ipite, kama mlinzi mwenye adabu. Ya Fundi Ngozi haikukinza chochote. Nyama zote zilikuwa zimenywea, na ndani mlikuwa na pango tu, nyumba isiyo na mlango. Kwa nini basi alihisi imeziba? Vitabu vina majibu yao. Mama Pumzi aliyajua, na siku ile hayakumtosha.

Alipomvua barakoa, mtu yule alipiga chafya, na kitu kikaanguka mezani. Kilikuwa kigaga kizima, cha kijani kilichokaribia weusi, kimechukua umbo la ndani ya pua kama keki inavyochukua umbo la sufuria.

"Samahani, sista."

"Kawaida tu, baba," alisema Mama Pumzi, akakiokota kwa karatasi.

Mlangoni Fundi Ngozi akasimama. Akanusa mara moja, akanusa tena, uso ukamkunjika.

"Humu mnaweka nini? Pananuka."

Mama Pumzi nusura acheke. Mwenye uvundo analalamikia uvundo! Akaosha barakoa, akaiweka mezani, akawasha mashine. Yaliyofuata tumekwisha kuyasema.

Binti aliitwa Kibibi kwa sababu tangu alipojua kuongea alikuwa akikunja mikono na kuwakosoa wakubwa. Chai ina moshi. Baba ananuka jasho. Bibi hajapiga mswaki. Alikuwa na nyama za pua, na usingizini alikoroma kama mzee mwenye mali. Foleni ya upasuaji ilikuwa ndefu, na mama yake alitaka vipimo vya kumwonyesha daktari ili mtoto asogezwe mbele. Hilo tu. Kosa lote lilitokana na mapenzi.

Pumzi ya kwanza ilikinza kama alivyotarajia, hewa inapenya kwa shida. Ya pili vilevile. Ya tatu, namba kwenye kioo zikaanza kuporomoka.

"Mama," alisema Kibibi ndani ya barakoa, "imefunguka. Kuna kitu baridi kimepita."

Mama Pumzi alifurahi. Aliona labda kamasi zito limetoka njiani, akamfuta mtoto, akazima mashine, wakaenda nyumbani wakitaniana.

Usiku ule nyumba ilikuwa kimya. Baba Kibibi, aliyekuwa mwoka mikate na aliyezoea kukatizwa usingizi na mikoromo ya bintiye, alisema asubuhi kwamba Mungu amekumbuka masikio yake. Mama mkwe, waliyeishi naye, alimkumbatia mjukuu. Furaha hiyo haikufika mwisho wa wiki.

Kwanza walitafuta panya aliyekufa. Walivuta kabati, wakainua magodoro, wakamwaga dawa kwenye karo ya jikoni. Mama mkwe alilaumu bomba la jirani. Baba alisema hata mkate wa moto aliouleta kutoka kazini, ukiingia mlango ule, unageuka harufu. Ni Kibibi peke yake aliyekuwa ametulia mezani, anakunywa maziwa. Mama Pumzi alimwangalia, kisha akaiangalia ile glasi. Maziwa yalikuwa yamekatika, yana mabonge ya manjano, na mtoto aliyekuwa akikataa chai kwa sababu ya moshi alikuwa akiyatafuna mabonge yale polepole na kulamba mdomo.

"Kibibi, hayo yameharibika."

"Mazuri tu, mama."

Mama Pumzi akaenda chumbani kwa mtoto, akainua mto. Chini yake palikuwa na kigaga cha kijani cheusi, kidogo, chenye umbo la pua ndogo. Alikitambua papo hapo, akakaa kitandani.

Siku zilizofuata zilikuwa za aibu. Mwalimu alimrudisha Kibibi na maneno ya adabu kuhusu usafi. Baba alianza kulala kazini, eti oda za mikate zimekuwa nyingi; hakuna aliyemuuliza. Mama mkwe alivaa kitambaa puani akisema ana mafua. Na Mama Pumzi, aliyeshika pua za nusu ya mji, hakuweza kumbusu mwanawe. Alijaribu. Alimsogelea akiwa amebana pumzi, akatabasamu, na tumbo likampanda kooni, ikabidi ageuke kama mtu aliyekumbuka jambo jikoni. Alichukizwa na mtoto aliyemzaa, na kwa hilo akajichukia kuliko alivyowahi kumchukia adui. Kibibi hakulalamika. Hilo ndilo lililotisha zaidi: hakumkosoa mtu yeyote tena.

Alasiri moja ya mvua mtoto alilala, na mama akakaa mbali karibu na dirisha, akimwangalia. Ni mazoea ya kazi. Hawezi kumwona mtu akipumua asihesabu. Kifua cha Kibibi kilipanda na kushuka haraka haraka, kidogo kidogo. Lakini sauti iliyotoka puani ilikuwa nyingine. Ilivuta kwa muda mrefu, ikatulia, ikatoa kwa muda mrefu, nayo haikujali kifua kinafanya nini. Kifua kilikuwa katikati ya kupanda na pua inatoa. Kifua kikashuka, kikasita, na pua bado inatoa, inatoa tu, hewa nzito yenye utamu ule, hata pazia likasogea.

Ndipo alipokumbuka mstari ule uliopanda na kushuka barakoa ikiwa tupu mezani, ukitulia kidogo katikati. Ulikuwa mwendo huohuo. Alikuwa ameiambia mashine kuwa kitu kile si kitu, kisha akamvisha mwanawe usoni.

Kesho yake Fundi Ngozi alirudi kliniki na mkewe, kushukuru. Alikuwa amenenepa. Alisifu sabuni ya chooni, akasifu hata harufu ya rangi ya ukutani. Walikuwa wamesimama kwenye korido wakiongea na Mama Pumzi wakati mama mkwe alipofika na Kibibi, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kuzimia. Mke wa Fundi Ngozi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Ndiyo hiyo," alisema kwa sauti ya chini. "Mume wangu, ndiyo hiyo. Nimelala nayo kitanda kimoja, siwezi kuisahau."

"Ni nini?" Mama Pumzi alimshika mkono. "Dada yangu, niambie. Msinifiche."

"Mganga alituambia ni jini la pua. Linakaa kwa mtu, linakausha nyama za ndani mpaka pawe peupe, kisha linapumua lenyewe kwa kutumia pua yake. Kila siku lenyewe linavuta zaidi, na mtu anavuta kidogo. Huyu mume wangu ana kifua cha kulisha wawili, ndiyo maana alidumu." Akamtazama Kibibi, akavuta kitambaa puani.

"Malizia."

"Siku moja pua itapumua, na kifua kitakuwa kimesimama. Sisi tulidhani nyinyi mmelitoa kwa mashine. Tulikuja na kuku, sista. Tuwie radhi."

Na kweli walikuwa wamekuja na kuku, yuko kwenye kikapu. Mama Pumzi hakumwona.

Mganga yuleyule aliitwa nyumbani jioni ileile, akasimuliwa yote. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye pamba zilizojazwa puani mpaka zikachungulia, akaja akimvuta mbuzi kwa kamba. Hakuwa na maneno mengi. Alimlaza Kibibi kwenye mkeka uani, akamsogeza mbuzi ili pua zikutane, akaanza kunong'ona. Mbuzi alinusa mara moja. Aliruka juu kwa miguu yote minne, akakata kamba, akapita katikati ya nguo zilizoanikwa, akatokomea na shuka la mama mkwe kwenye pembe zake.

Mganga alitazama kipande cha kamba mkononi mwake.

"Sijawahi kuona mbuzi akinitia aibu hivi," alisema. Kisha akakaa chini, na alipoongea tena hakuna aliyecheka. "Basi. Mnyama anajua. Ni binadamu tu anayeweza kunusa kitu kama hiki na bado akakisogelea. Hili halifukuzwi, mama, linahamishwa. Na haliingii panapokinza."

"Panapokinza vipi?" aliuliza Mama Pumzi. Neno lilikuwa lake, la kazini, na kulisikia hapo uani kulimsisimua mwili.

"Kinyaa. Mtu akiona kinyaa, amefunga mlango. Mwanao nyama za pua zilimziba, lakini siku ile alikuamini wewe, akavuta bila kujiuliza. Anayetaka kulipokea sasa avute bila kinyaa. Asijikaze tu, jini halidanganywi na mtu anayejikaza. Kinyaa chenyewe kisiwepo."

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kupiga magoti. "Mimi nimeishi vya kutosha," alisema, akatoa kitambaa usoni, akainama juu ya mjukuu wake. Alifika karibu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akatapika kwenye mkeka, akalia kama mtoto, akisema, "Siwezi, mwanangu, nisamehe, mwili unakataa." Baba alijaribu, naye akaishia ukutani, amejishika tumbo. Kibibi alikuwa amelala macho wazi. Kifua chake kilipanda kidogo sana, kikakaa, mpaka Mama Pumzi akadhani hakitapanda tena.

"Alipokuwa mchanga," mama mkwe alisema katikati ya kilio, "mafua yakimbana, wewe ulikuwa ukimnyonya kamasi kwa mdomo wako. Unatema, unanyonya tena. Nilikuwa nakuangalia, nasema huyu mkwe wangu hana kinyaa."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama Pumzi alikumbuka ile chumvi. Alikumbuka uso mdogo mwekundu uliokuwa ukihangaika kutafuta hewa na titi kwa wakati mmoja, na jinsi ambavyo haikumpitia akilini hata mara moja kuwa kile kilichokuwa kinywani mwake ni uchafu. Kilikuwa cha mtoto, na cha mtoto kilikuwa chake. Alipiga magoti kwenye mkeka.

Akainama, na uvundo ukamjia usoni, maji ya maua, jino bovu, ule utamu, na tumbo lake likaanza kupanda kama kawaida, naye safari hii hakulizuia wala hakubana pumzi, bali aliacha harufu iingie yote, akaitafuta ndani yake harufu ya mtoto, na akaipata, ndogo, ya jasho la shingoni na ya sabuni, imelala chini ya ule uozo kama sarafu chini ya tope, akaishika hiyohiyo, akafumba mdomo wake juu ya pua ya mwanawe, akavuta. Kwanza vikaja vigaga, vikavunjika kwenye ulimi wake kama maganda ya yai lililooza, vikifuatwa na ute baridi uliojaa vitu vidogo vilivyokuwa ama nywele ama miguu, na mganga akawa anasema kwa sauti ya chini usiteme, mama, ukitema limebaki, naye akameza, akavuta tena, na nyuma ya ute kikaja kitu kizima, kirefu, laini, kilichokuwa na mapigo yake, kilichotoka puani mwa mtoto bila haraka kama mtu anayehama nyumba akijua nyingine iko tayari, kikapita juu ya ulimi, kikafika kooni, na pale alipotegemea kishuke tumboni kikageuka, kikapanda nyuma ya kaakaa, kikaingia puani mwake kwa ndani, kikajikunja, kikakaa.

Kisha Mama Pumzi akainua kichwa. Harufu ilikuwa imekwisha kabisa. Uani palikuwa na hewa tu.

"Imeondoka," alisema Mama Pumzi. Alitazama nyuso zao. Mumewe alikuwa amejiziba pua kwa kiganja. Mama mkwe alikuwa anarudisha kitambaa chake polepole, akijitahidi isionekane.

Kibibi akapiga chafya. Akakaa kitako, akajifuta kwa mkono, akamtazama mama yake aliyekuwa ameinama karibu yake, na ule uso mdogo ukakunjika wote, kuanzia pua mpaka kidevu.

"Mama," alisema, akakunja mikono kifuani, "unanuka. Sogea huko."

Mama Pumzi alianguka chini kwa kilio cha furaha. Hakuna sifa wala shukrani aliyowahi kupewa iliyompendeza kama neno lile. Akasogea, akasogea tena mpaka mlangoni, kila mara akimuuliza, "Na hapa je?" na mtoto akijibu, "Bado, mama, bado unanuka," mpaka wote wawili wakacheka.

Wakamtengea chumba cha uani. Mganga alisema ana kifua kizuri, atadumu, na wataangalia la kufanya. Kazini aliomba likizo kabla hajaombwa. Chakula aliletewa na mumewe, aliyekiweka kizingitini na kusimama mbali akiongea naye kwa upole, machozi yakimlengalenga, na hakuna aliyejua machozi hayo yalikuwa ya huruma au ya harufu.

Jioni moja baada ya chakula alitoka taratibu, akasimama nje ya dirisha la Kibibi. Mtoto alikuwa amelala. Alikuwa akikoroma, mkoromo mzito, wa kuziba, hewa ikipigania njia yake kila hatua, pua yenye nyama zake zote, inayokinza. Mama Pumzi aliegemea ukuta akausikiliza kama wengine wanavyosikiliza muziki. Mvua ilikuwa imeanza kunyunya na ikawa inaufunika mkoromo, kwa hiyo akabana pumzi ili amsikie mwanawe vizuri.

Kifua cha mama kilisimama. Na puani mwake, kwa utulivu, pumzi ikaendelea.